Maji ya Bwana Janaba

Mpwa wangu alikuja na kipande cha chokaa kilichofungwa katika gazeti, akakiweka mezani polepole kama aliyebeba yai. Nyumba niliyokulia Tanga, ile ya ghorofa iliyokuwa nyuma ya msikiti, ilikuwa inabomolewa ili pajengwe maduka, naye alipita pale akakiokota kifusini. Upande mmoja kilikuwa na mchanga na vijiwe vya matumbawe. Upande wa pili kilikuwa cheupe, na juu ya weupe ule lilikuwapo doa la zambarau, limefifia lakini halijakubali kutoka.

"Shangazi, hii bila shaka ni nakshi ya kale," alisema. "Labda ya Wareno."

Nilikinusa kwanza. Chokaa iliyowahi kulowa ina harufu yake, kama kisima kilichofunikwa muda mrefu, na harufu ile haijanitoka hata baada ya miaka yote hiyo. Nilimwambia kwamba Wareno hawahusiki. Aliyelitia doa lile ni bibi yangu, na rangi yenyewe ni ya kutilia ukindu wa mikeka. Alicheka kwa adabu, vile vijana wanavyotuchekea sisi tukianza mambo yetu, akasema amechelewa mahali. Basi nawaeleza ninyi wa rika langu, mliowahi kukaa chini ya dari la boriti na kusikia mtu wa juu akioga.

Sisi tulikaa chini, mimi na bibi. Wazazi wangu walikuwa Mwera, shambani, nami nililetwa mjini kwa mama yake baba ili nisome Kurani chuoni. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Chumba chetu cha mbele kilikuwa cha kulala, cha kulia na cha kazi, na daima kilinukia ukindu mbichi na ule uliotoka kuchemshwa. Uani palikuwa na chungu cha rangi kilichopikiwa rangi tu, nami nilionywa kwamba nikikitia kidole nitaenda nacho hivyo hivyo mpaka Idi. Nilikitia. Bibi alinituma tu kila nyumba ya mtaa nikaazime sindano, ili kila mtu akione kidole changu. Ndivyo alivyokuwa.

Juu walikaa Bwana Salehe na mkewe, Bi Zuhura, mtu wa Kigombe. Nyumba ilikuwa ya Bwana Salehe na dada yake, Bi Mwanahamisi, waliyoachiwa na baba yao. Dada aliolewa mtaa wa nyuma, kaka akabaki na ghorofa, nasi tukiwa wapangaji wao. Bwana Salehe na mkewe hawakujaliwa mtoto. Labda ndiyo sababu nilikuwa nikipanda ngazi ile nitakavyo na hakuna aliyenifukuza.

Bwana Salehe alifanya kazi katika ghala la mkonge kule bandarini. Jioni alirudi na manyoya ya mkonge kwenye nyusi na ndevu, amezeeka ghafla tangu asubuhi. Mkonge unawasha, wenye kuujua wanaujua. Alikuwa hasemi na mtu, hanywi hata chai, anapita moja kwa moja kuoga. Bafu lao lilikuwa juu ya pembe ya chumba chetu, kwa hiyo tulimsikia kata kwa kata: maji yanachotwa, maji yanamwagika, yeye anahema, kata nyingine. Asubuhi kabla ya kwenda kazini anaoga tena. Bibi aliyaita mvua ya Salehe. "Ngoja mvua ya Salehe ipite ndipo tule," alikuwa akiniambia, kwa sababu mtu alikuwa hawezi kusikilizana na mwenzake. Na pamoja na maji yote hayo, dari letu lilikuwa kavu, jeupe, halina hata alama ya mbu.

Kisha Bwana Salehe akashikwa na homa, ikamchukua kabla watu hawajaamini kwamba ni homa ya kuchukua mtu. Nakumbuka viatu vingi mlangoni. Nakumbuka pia kwamba jioni ile niliketi nikisubiri mvua ipite ndipo tule, bibi akaniambia, "Kula tu, mwanangu."

Bi Zuhura akakaa eda. Hatoki, hajitii manukato wala wanja, hasemi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mimi nikawa miguu yake: nampandishia kuni, chumvi, tui likihitajiwa, nashuka na salamu. Juu kulikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha zaidi kuliko maiti, ambayo kwa kweli sikuonyeshwa.

Doa lilianza siku hizo. Kwanza lilikuwa dogo, la ukubwa wa kitumbua, katika pembe ileile iliyo chini ya bafu. Halafu likatoa mkono mmoja ukafuata boriti, likatoa mwingine, nikalipa jina la Pweza. Asubuhi nikirudi kutoka kujisaidia uani nilimkuta Pweza ameloa na amekoza. Adhuhuri anaanza kupauka. Alasiri amekauka kabisa na kubaki na ukingo wa manjano, kama chai iliyokaukia kikombeni. Bibi naye alikuwa akimwangalia. Mtu anayesuka siku nzima mikono yake inajiendea, macho yanabaki hayana kazi.

Bi Mwanahamisi alipokuja kutuamkia siku moja, bibi akamwonyesha. Hakuwa na nia yoyote. Nyumba ni yao, dari linavuja, mwenye nyumba aambiwe, basi. Bi Mwanahamisi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti, aliyekuwa akimpenda kaka yake kwa namna ya kumgombeza. Alisimama chini ya doa, akavua buibui kichwani ili aone vizuri, akalichokoa kwa mpini wa ufagio. Chokaa kidogo ikamdondokea.

"Linaloa saa zote?" aliuliza.

"Asubuhi," bibi akasema. "Nikimaliza swala ya alfajiri nikigeuka naliona linang'aa. Jua likipanda linakauka."

"Kila asubuhi?"

"Tuseme kila asubuhi."

Bi Mwanahamisi aliushusha ufagio. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ambacho si kiti cha mgeni, wala hakutambua.

"Mama," alisema, "mjane aliye edani anaoga nini alfajiri kila siku?"

"Pengine joto."

"Joto la alfajiri? Mama, mimi na wewe si watoto. Maji ya alfajiri ni ya janaba."

Mtoto aliyekuwapo alikuwa mimi, na hakuna aliyenikumbuka. Mtu mzima analijua neno hilo: ni lile josho la lazima, mume na mke wakishakuwa pamoja, kabla hawajasimama kuswali. Chuoni mimi nilikuwa bado kwenye irabu. Nilichojua ni kwamba maji ya nyumba ile yana wenyewe. Kulikuwa na maji ya bibi kwenye mtungi, maji ya kuku kwenye kifuu, na zamani maji ya Salehe. Sasa yamekuja maji ya Janaba. Nikaelewa kwamba juu amehamia mtu anayeitwa Janaba, na kwamba kuoga kwake kumemuudhi Bi Mwanahamisi.

"Umemwona mtu akipanda?" bibi aliuliza.

"Sikumwona. Lakini dari nimeliona." Sauti ilikuwa imemkauka. "Kaka yangu hajaoza, mama. Ijumaa baada ya swala nawaleta wazee wa ukoo. Kama amevunja eda ya ndugu yangu, atafunga mizigo arudi kwao Kigombe, na Kigombe nzima ijue amerudishiwa nini."

"Mwanahamisi, subiri kwanza."

"Nimesubiri. Mara ngapi nimepita hapa nikamwona amevaa uso mkavu, halii? Nikasema moyoni ni mtu wa subira. Kumbe!"

Alipoondoka, bibi hakurudi kwenye ukili wake wa mkeka. Alikaa akiutazama mlango. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alikuwa akijilaumu. Yeye alisema dari linavuja, na neno lake lilifika mahali ambapo hakulituma. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa kuvunja eda, siku zile, haolewi tena wala haalikwi tena. Watu wangemnyooshea kidole mpaka kaburini, na wadogo zake wa kike nao wangeonja.

Mimi nilikuwa na shauku ya kumwona Janaba. Nikapanda na kuni.

Bi Zuhura alikuwa chumbani anachagua mchele kwenye ungo. Niliweka kuni jikoni nikaanza kutafuta. Nilitazama nyuma ya mlango, nikainama chini ya kitanda, nikaenda mpaka bafuni. Bafu lilikuwa la kizamani: sakafu ya chokaa iliyoinamia tundu la kutolea maji nje, na pembeni hodhi la mawe lililonifika kidevuni, kata ikining'inia kwenye msumari. Janaba hakuwapo. Lakini nilipochungulia hodhini niliona uso wangu hapo hapo, karibu kabisa, hata pua yangu ikagusa maji. Zamani za Bwana Salehe ilikuwa lazima nijining'inize tumbo ukingoni ndipo nione maji yalipo, huko chini gizani. Nikasema moyoni, Janaba huyu ana maji mengi.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Bi Zuhura aliita.

"Janaba."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Nani?"

"Janaba anayeoga kwako alfajiri. Bi Mwanahamisi anasema Ijumaa wazee watakuja, halafu wewe utarudi Kigombe." Nikaona uso wake, nikaogopa, nikajaribu kutengeneza. "Mimi sitaki urudi Kigombe. Mwambie Janaba asioge."

Hakulia, na hakunigombeza. Alichukua chuya moja, akaiweka kando. Akachukua nyingine. Aliendelea hivyo mpaka mchele wote ukawa safi, na mimi nimesimama pale sijui niende au nikae. Ndipo akasema, "Kamwambie bibi yako, kama miguu inamruhusu, apande."

Miguu ya bibi haikuwa ikimruhusu siku nyingi, lakini alipanda. Alishika ukuta, akapumzika katikati ya ngazi, akafika juu anahema. Bi Zuhura alikuwa ameshautoa msahafu kwenye mfuko wake na kuuweka juu ya rehali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho cha nini?"

"Niapishe."

"Kirudishe mahali pake," bibi akasema. "Ukiapa, atasema umeapa uongo, na dhambi itaongezeka bure. Nakuuliza tu. Unaoga alfajiri?"

"Natawadha, mama. Kuoga naoga mchana, nako si kila siku. Kata chache tu. Sina hamu na maji."

"Basi yanayoshuka kwangu ni maji gani?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Bibi aliingia bafuni, mimi nyuma yake. Aligonga sakafu kwa kisigino, akapapasa lile tundu la kutolea maji, akaupitisha mkono kwenye ukuta wa hodhi. Kila mahali palikuwa na unyevu, kama inavyokuwa bafuni, na unyevu ni unyevu, hausemi umetoka wapi. Alisimama akiguna. Halafu akaniambia kitu alichokuwa akiniambia uani: ukindu ukitoka na rangi usiyoitaka, uliza umetoka chungu gani.

"Tutayatia rangi," alisema.

Siku ile ile alipandisha manjano, yale ya kupikia, ameyakoroga kwenye kopo. Akayamwaga sakafuni, akamwagia na maji juu yake, kata kwa kata, kwa nguvu, kama Bwana Salehe enzi zake. Mimi nilitumwa chini kulala chali juu ya mkeka na kumwangalia Pweza. Niliifanya kazi ile kwa moyo wote mpaka shingo ikauma. Maji ya manjano yalitoka nje kwa bomba, yakapaka ukuta wa uchochoroni, kuku wakaenda kuyatazama. Pweza hakubadilika. Alasiri alikuwa amekauka kama kawaida yake.

"Si maji ya kuoga," bibi akasema. Nilidhani yamekwisha, nikafurahi. Lakini yeye alitikisa kichwa. "Mwanahamisi ataniuliza, basi ni ya nini? Nikimwambia sijui, nimefanya nini?"

Kulipopambazuka alimngojea Mzee Kombo uani. Mzee Kombo ndiye aliyekuwa akituletea maji kwa madebe, mabegani, tangu sijazaliwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na ngazi ya nje iliyoishia bafuni, na yeye alikuwa akipanda hiyo, anakohoa mara kadhaa ili mwenye nyumba ajifungie chumbani, anamimina, anashuka. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka na madebe yake.

"Kombo, hodhi la juu unalijaza mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni, mama. Ndivyo alivyoniagiza marehemu. Kila alfajiri hodhi lijae mpaka mdomoni."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi nalikuta halikupungua sana. Natia kidogo tu, linafurika, nashuka na mengine nampa jirani."

"Mbona hukusema?"

"Nikamwambie nani, mama? Mwenyewe yumo edani, hasemi nami. Na aliyeniagiza ndiyo hivyo." Alijitwika mti wake wa kuchukulia madebe. "Mimi sikuambiwa niache."

Bibi alikuwa na karatasi iliyofungiwa rangi ya zambarau ya ukindu mkononi. Akawa anaifinya finya. Kisha akaniambia nikamwite Bi Mwanahamisi, nimwambie aje sasa hivi, asingoje Ijumaa.

Nilipomleta, bibi alikuwa ameshashuka. Alikuwa amehakikisha kwanza Bi Zuhura amejaziwa ndoo ya kutawadhia ya siku nzima kwa maji yaliyobaki madebeni mwa Kombo, maana maji yakigeuzwa rangi hayafai tena kwa udhu, ndipo akaitia zambarau yote hodhini na kuikoroga kwa mwiko. Sasa alimkaribisha Bi Mwanahamisi akae mkekani, chini ya doa, akampa kahawa.

"Umeniitia kahawa?"

"Kunywa, mwanangu. Ukimaliza tutazungumza."

Tulikaa. Bibi alisuka. Bi Mwanahamisi alimaliza kikombe, akapewa kingine, akasema ana nazi motoni kwake, akapewa kashata. Mimi nililala chali, kazi nikiwa nimeizoea. Nilikuwa nikiomba Janaba asioge siku ile, aoge kesho, hata keshokutwa, ili kusiwe na maji yoyote.

Pweza aliloa kichwa kwanza. Nilimwona akikoza taratibu, na ukozaji wenyewe haukuwa wa kila siku.

"Bibi, amekula zambarau," nilisema.

Walitazama juu. Doa lilikuwa kama ulimi wa mtoto aliyeshinda mzambarauni. Mikono yote ya Pweza ilijaa, mmoja baada ya mwingine, na kwenye boriti likakusanyika tone, likaning'inia, likadondoka juu ya ukili mweupe wa bibi. Zambarau tupu.

"Nini hii?" Bi Mwanahamisi alisema.

"Jana nilitia manjano sakafuni, pale mtu anapooga. Hayakushuka. Leo nimetia zambarau hodhini. Twende juu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wifi wale wawili kuwa chumba kimoja bila watu. Bi Zuhura alisimama kando ya mlango wa bafu, kanga imefika kwenye nyusi. Bibi alimwonyesha Bi Mwanahamisi ufa kwenye ukuta wa hodhi, upande wa ndani, chini kidogo tu ya ukingo. Ulikuwa mwembamba, mtu asingeuona kama zambarau haikuwa imejichora humo.

"Likijaa mpaka hapa, linavuja. Likipungua kidogo, halivuji tena. Ndiyo maana linaloa asubuhi, Kombo akishalijaza."

"Ufa huu wa lini?"

"Wa zamani. Hata ukitazama ukungu wake ni wa zamani."

"Mbona zamani hamkuona kitu?"

Bibi alipitisha kidole kwenye ufa. Nafikiri alikuwa akitafuta namna ya kulisema lisikate sana, na hakuipata.

"Zamani halikuwa likikaa limejaa, mwanangu. Kombo akimimina, kaka yako yuko mlangoni na kata. Jioni akirudi anamalizia. Sasa linajaa, linabaki hivyo hivyo."

Bi Mwanahamisi alilitazama hodhi. Lilikuwa limejaa pomoni, zambarau, limetulia. Alipandisha mkono wa nguo, akauingiza mkono wake wa kulia ndani, taratibu, mpaka kwenye kiwiko, na maji yakafurika ukingoni yakamlowesha tumbo na miguu. Akauacha humo.

"Alikuwa akioga kama anaosha ng'ombe," alisema. Akacheka kidogo. "Mama yetu alikuwa akimpiga kwa kumaliza maji." Kisha uso wake ukavunjika, akalia kwa sauti, bila kujizuia, mkono bado umo hodhini. "Hayupo wa kuyaoga. Hayupo. Hayupo."

Bi Zuhura aliondoka mlangoni akaenda kumshika mabega. Alikuwa naye analia sasa, na mimi nilishangaa, kwa sababu nilidhani habari ni njema.

Wazee wa ukoo hawakuja Ijumaa. Alikuja fundi na ndoo ya chokaa, akaziba ufa, na Mzee Kombo akaagizwa kupitia bibi kwamba ajaze nusu. Sikusikia Bi Mwanahamisi akiomba radhi. Pengine aliomba nisipokuwapo, pengine watu wale hawakuwa na haja ya maneno hayo. Lakini mkono wake ulikuwa zambarau mpaka kiwikoni. Rangi ya ukindu haina huruma. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao kisomoni, alikwenda nao harusini akala nao pilau, na kila aliyemuuliza, naye nani asiyeuliza, alimweleza kisa cha hodhi la marehemu tangu mwanzo mpaka mwisho. Yale aliyokuwa amekwisha kuyanong'oneza mitaani kabla ya Ijumaa, kama yalikuwapo, yalifutika. Baadaye bibi aliniambia kwamba Mwanahamisi alizaliwa katikati ya vyungu vya ukindu, na hakuna mtu aliyejua kuliko yeye rangi ile ikishika inakaa muda gani. Mimi sina hakika. Nilimwona anavyolia. Mtu anaweza kufanya yote mawili.

Doa lilipakwa chokaa, likarudi. Likapakwa tena, likarudi tena, hafifu zaidi. Tukaacha. Kipande alichoniletea mpwa wangu, nikikitazama vizuri, ni mkono mmoja wa Pweza, nimekiweka dirishani karibu na dawa zangu.

Nami nilibaki na Janaba wangu. Hakuna aliyenieleza, na sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuelewa. Maji yalikuwa ya Janaba. Bi Mwanahamisi mwenyewe alisema mwenye kuyaoga hayupo, akamlilia. Kwa hiyo Janaba alikuwa Bwana Salehe, ni jina lake jingine tu, kama watu wengi walivyokuwa na jina la chuoni na jina la nyumbani.

Eda ilipokwisha, wanawake walikusanyika juu kwa hitima. Bi Zuhura alikuwa ameoga na kujifukiza udi, amevaa kanga mpya ya rangi, ya kwanza tangu msiba, na Bi Mwanahamisi ameketi ubavuni mwake akigawa tende. Sisi watoto wa chuoni tulisoma tulichokijua. Mwisho wa dua yule bibi aliyetuongoza akasema watoto nao wamtaje wanayetaka kumwombea, maana dua ya mtoto hairudi. Mmoja akamtaja babu yake. Mwingine dada yake. Ilipofika zamu yangu nilifungua viganja, nikasema kwa sauti yote niliyofundishwa:

"Na Bwana Janaba, Mwenyezi Mungu amrehemu."

Walicheka mpaka tende zikamwagika. Bi Mwanahamisi alijifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Bibi alinifinya paja nikaruka. Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameviweka viganja vyake wazi mapajani, anavitazama. Akavipandisha usoni, akavipitisha polepole, akasema, "Amin."